Sikukaa Nyuma ya Spika

Nilikuwa na mimba ya miezi saba nilipoombwa nipige gitaa mahali ambapo watu hawataniona. Aliyeniomba alikuwa mwanamume mwenye adabu, suti yake ya rangi ya maziwa, mwenyekiti wa kamati ya harusi huko Butiama. Aliniita mama. Hakunipandishia sauti. Naanza na hilo kwa sababu kila ninaposimulia kisa hiki watu hutaka kumfanya mtu katili, na hakuwa katili. Alikuwa mtu aliyezoea kutiiwa, basi. Siku ile hakutiiwa.

Nieleze kwanza nilivyofika kwenye lile gitaa.

Nimezaliwa Murangi, katika familia ya wavuvi na wakulima wa muhogo. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Kwaya yetu ilikuwa na kinanda na magitaa, na desturi ilieleweka bila kutamkwa: wanawake wanasimama mbele wanaimba na kuyumba, wanaume wanakaa pembeni na nyaya. Mpiga besi wetu alikwenda visiwani kuvua dagaa, akanogewa huko, hakurudi. Tukawa tunaimba bila besi, na nyimbo zikawa nyepesi, hazikai chini.

Siku moja baada ya mazoezi nilibaki nafagia kanisa. Gitaa lake la besi lilikuwa limeegemezwa ukutani. Nikalichukua, nikaanza kuzitafuta nyimbo zetu kwa kidole kimoja. Mwalimu wa kwaya alikuwa nje anafunga mzigo kwenye baiskeli. Akaja akasimama dirishani, kisha akaingia.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, mwalimu. Nilikuwaga nasikiliza tu."

"Rudia."

Nikarudia. Jumapili iliyofuata nilikaa pembeni na wanaume. Baba alitazama Biblia yake ibada nzima bila kufungua ukurasa mwingine. Nyumbani alisema maneno machache: "Kanisani wamekuruhusu, sawa. Nje ya kanisa nisisikie."

Niliposhika ufundi wa kusuka nilihamia Musoma, nikapanga chumba Nyasho, nikafungua saluni ndogo. Nikaolewa na dereva wa lori la mizigo, mtu ambaye wiki nyingi yuko barabarani. Tulipochumbiana nilimwambia mapema kwamba napiga besi na sitaacha. Akasema yeye hajui muziki, anajua kuendesha, na hajawahi kumwona mtu akimwambia dereva aache usukani katikati ya safari. Nikamkubali siku hiyohiyo.

Bendi yetu wakati huo ilikuwa na watu wanne. Kiongozi ni fundi seremala wa Bunda, Mwislamu, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, na sote tunamwita Fundi. Anapiga gitaa la solo kama anavyopiga randa, taratibu, hakwaruzi. Mpiga dramu ni dereva wa bodaboda, mkimya kupita kiasi, ambaye maneno yake yote ameyahamishia kwenye vijiti. Mwimbaji wetu alikuwa muuza viatu vya mitumba pale Musoma mjini, suruali zake zimenyooka, sauti yake tamu, na alikuwa anajua utamu wake.

Tulikuwa tunapiga kwenye harusi, sendofu, kipaimara na ufunguzi wa maduka. Kazi hazikuwa nyingi. Siku hizi kamati nyingi zinapenda DJ, kwa sababu DJ anakuja na kompyuta moja na anakula sahani moja ya wali. Sisi tunakuja na dramu, amplifaya na njaa ya watu wanne. Hata hivyo kuna kitu kompyuta haiwezi: haiwezi kumwona bibi harusi analia na kusubiri amalize.

Mimba ilipoanza kuonekana, mama mkwe alikuja kutoka Buhare na kikapu cha sato wabichi. Alikaa kwenye stuli ya saluni, akangoja mteja aondoke.

"Mwanangu, hilo gitaa utaliweka lini?"

"Sijapanga kuliweka, mama."

"Mtoto atazaliwa kiziwi. Ngoma zote hizo zinampiga humo ndani."

"Nitauliza kliniki."

"Kliniki wanajua sindano. Mimi nimezaa."

Nilimjibu kwa heshima kwamba namshukuru kwa samaki. Akaondoka na uso umefungwa. Lakini lile neno la ukiziwi liliniingia, siwezi kusema uongo. Mtu anaweza kuwa mbishi na bado akakosa usingizi. Kliniki nilimweleza nesi kila kitu. Hakucheka. Aliniambia nikae mbali na spika kubwa, nipige nikiwa nimekaa kitini, ninywe maji, na nikichoka niache bila kumwonea mtu haya. Tangu siku hiyo nikahamishia kiti changu upande wa mpiga dramu, pembeni kabisa, spika zote zikitazama mbele kwa watu. Na nimalize hili hapahapa ili mtu asisome akiwa na wasiwasi: binti yangu anasikia vizuri. Nikimwita akiwa chumba cha pili anajifanya hasikii, na hiyo ni kazi nyingine.

Tatizo lililobaki lilikuwa tumbo lenyewe. Gitaa la besi ni zito, na ubao wake ulikuwa unateleza juu ya tumbo, shingo inakwenda juu, mkono unachoka. Nilipomweleza Fundi aliniambia nilipeleke Bunda kwenye karakana yake. Nilipofika alimwita mkewe kutoka ndani, akampa kamba ya kupimia, yeye mwenyewe akasimama kando ya milango aliyokuwa akiitengeneza. Mkewe ananipima tumbo, anataja namba, Fundi anaziandika kwa penseli kwenye ubao. Kisha akaliweka gitaa langu kifudifudi juu ya meza ya kazi na kulichonga mgongo. Akatoa bonde dogo, laini, akalipiga msasa mpaka mkono ukipita hausikii chochote. Nilipolishika tena lilinikaa kama limezaliwa nami.

"Ukijifungua je?" nikamuuliza. "Litabaki na shimo."

"Libaki," akasema. "Gitaa si jeneza, linaruhusiwa kuwa na umbo la mtu aliye hai."

Kwa gitaa hilo tulipiga Bunda kwenye harusi ya binti wa mfanyabiashara wa mjini. Watu walitoa simu. Sikujali, nilishazoea simu, lakini kesho yake video ilikuwa imesambaa kwenye makundi ya ukoo, ya kwaya, ya wasusi, kila mahali. Haikumwonyesha mwimbaji wala Fundi. Ilinionyesha mimi, tumbo, vidole. Wengine waliweka makofi. Mmoja aliuliza kama sina mume. Mwingine akaandika kwamba dunia imekwisha. Mwimbaji wetu alinitumia ile video bila neno lolote, na mimi nikamrudishia bila neno lolote.

Jioni baba akapiga simu kutoka Murangi. Baba si mtu wa simu. Nilikaa chini kabla ya kupokea.

"Nimeona video," akasema.

"Ndiyo, baba."

Nikasikia mbuzi nyuma yake.

"Miguu haivimbi?"

"Inavimba kidogo jioni."

"Weka kwenye maji ya chumvi." Kisha akaongeza, "Neno langu sijalibadilisha."

"Na mimi langu sijalibadilisha, baba."

"Najua," akasema, akakata.

Harusi ya Butiama ilikuwa Jumamosi mchana. Tulikwenda kwa pikapu ya kukodi, mimi mbele na dereva kwa amri ya Fundi, wenzangu nyuma na vyombo. Pikapu ikatushusha na kuondoka kwa kazi nyingine, dereva akaahidi kutufuata jioni. Hema lilikuwa limefungwa kwenye uwanja wa nyumba ya bwana harusi, vitambaa vya zambarau na dhahabu, viti vimevalishwa vizuri kuliko sisi. DJ naye alikuwepo, wa kuziba nafasi tukipumzika. Tukapanga vyombo, nikaweka kiti changu pembeni ya dramu, tukaanza kujaribu sauti.

Ndipo mwenyekiti akaja na kumshika Fundi mkono, akamsogeza hatua chache. Alichokuwa hajui ni kwamba maiki iliyokuwa mkononi mwa Fundi haikuzimwa.

"Mzee wangu, nyinyi tumewapenda," akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote mbili. "Ila huyu mama mwenye tumbo. Mgeni rasmi anakuja, wakwe wanakuja, kuna picha. Akae nyuma ya spika, au nyuma ya lile pazia. Apige hukohuko, atasikika."

Uwanja mzima ulisikia. Waliokuwa wanapamba meza waliacha kupamba. Mwenyekiti akageuka, akazitazama spika, akaelewa. Kwa hilo nampa haki yake: hakukimbia. Alikuja mpaka kwenye kiti changu.

"Mama, usinielewe vibaya. Ni kwa heshima yako."

"Heshima yangu iko hapahapa nilipokaa."

"Mwanamke katika hali hii anakaa, anapumzika."

"Nimekaa, baba. Hiki ni kiti."

"Nyuma ya spika pana kivuli."

"Nesi amenikataza kukaa karibu na spika. Na hata angeniruhusu nisingekwenda. Mmeita bendi, bendi inaonekana."

Mwimbaji akanisogelea, akaongea kwa sauti ya chini, ile ya kubembeleza ambayo huwa anaiweka kwenye beti za mwisho.

"Dada, ni siku moja tu. Kaa nyuma, tupige, tuondoke. Watu wa huku wana harusi nyingi."

"Leo nyuma ya spika. Kesho utaniambia nibaki kwenye gari."

"Mimi nafikiria bendi."

"Wewe ungekaa nyuma ya pazia?"

"Mimi ni mwimbaji."

"Na mimi ni nani?"

Pembeni yangu nikasikia skrubu zikilegezwa. Mpiga dramu, bila kumwangalia mtu, alikuwa ameanza kufungua matoazi yake na kuyarudisha kwenye mfuko. Fundi akamtazama, akanitazama, akafuta uso kwa kofia yake.

"Mwenyekiti," akasema, na safari hii aliizima maiki kwanza, "hii bendi ina watu wanne. Ama unaichukua yote, ama tunafunga vyombo."

"DJ yupo," mwenyekiti akasema.

"Basi mko salama."

Tukafunga. Mwimbaji hakufunga. Alimpa Fundi mkono, akanipungia mimi kwa mbali, akaenda kusimama karibu na meza ya DJ. Sikumlaani. Kila mtu na anachokiogopa. Ila nilipokuwa navingirisha waya nilitaka kulia, na nikajiapiza kwamba sitalia ndani ya hema lile.

Njia ya kutokea na mizigo ilipita nyuma ya nyumba, jikoni. Huko kulikuwa na wanawake, kanga zimefungwa viunoni, masufuria makubwa juu ya mafiga, moshi, vitunguu, nyama ya ng'ombe. Mmoja mnene, mwenye mwiko mrefu kama kasia, akatusimamisha.

"Ni wewe mama mwenye tumbo?"

"Ni mimi."

"Tumesikia yote huku."

Mwingine aliyekuwa anachochea kuni akainuka, akajishika kiuno. Naye alikuwa mjamzito, labda mbele yangu kwa wiki kadhaa.

"Mimi tangu alfajiri nabeba maji na kuni," akasema. "Mbona hakuna aliyekuja kunifunika pazia?"

Wakacheka wote, lakini yeye hakucheka. Yule mnene akasogeza gogo kwa mguu. "Gari lenu liko wapi?"

"Mpaka jioni," Fundi akasema.

"Basi kaeni hapa mtupigie sisi. Huku hatuna mgeni rasmi."

Kulikuwa na waya wa umeme uliovutwa kutoka ndani hadi kwenye friji ya soda. Mama yule akaichomoa friji, akampa Fundi kichwa cha waya. Tukachomeka amplifaya ndogo. Nikaletewa kiti, nikakaa chini ya ukingo wa bati mahali pasipo na moshi, na tukaanza. Wimbo wa kwanza tuliupiga bila maneno. Ulikwenda, lakini wanawake wakawa wanatutazama wakingoja, na Fundi akawa ananitazama mimi.

Sikuwa nimeimba mbele za watu tangu kwaya. Nilifumba macho, nikaanza wimbo wa harusi ambao shangazi zangu wa Murangi huuimba wakimtoa bibi harusi ndani, kwa Kijita. Sauti ilitoka imekwaruzika, na pumzi ilikuwa fupi kwa sababu mtoto alikuwa amepanda mbavuni. Lakini wanawake wa pale walikuwa na wimbo wao wa Kizanaki unaopita njia ileile, wakaujibu kwa maneno yao. Maneno hayakufanana, mwendo ulifanana. Dramu ikaingia. Yule mjamzito mwenzangu akaacha kuni na kucheza polepole, mkono mmoja juu ya tumbo. Nilipiga besi siku ile kwa hasira ambayo sijawahi kuipata tena, na naikumbuka kama hasira nzuri.

Baada ya nyimbo chache wakaanza kuja watu kutoka hemani. Kwanza akina mama, wakijifanya wanaulizia maji. Kisha vijana wa mavazi ya sare. Kisha hawakujifanya tena. Mwisho akaja mwenyekiti.

"Punguzeni sauti. Mgeni rasmi anahutubia."

Yule mama mnene akamjibu bila kugeuka, mwiko uko ndani ya sufuria. "Mwenyekiti, pilau bado. Huu muziki ndio unaotuivishia. Ukiuzima, mgeni rasmi atahutubia mpaka kesho."

Mwenyekiti alisimama. Nilidhani atachomoa waya. Alinitazama, akazitazama soda zinazopata joto, akarudi hemani. Hakuomba radhi, wala mimi sikuwa naisubiri. Tulipiga mpaka pikapu ilipokuja, jua likiwa bado juu ya miti. Malipo hatukupata. Wale wanawake walitupakilia sinia la pilau lililofunikwa kanga, na kanga hiyo hawakuitaka tena.

Njiani hakuna aliyezungumza mpaka tulipofika lami. Tulisimama kukaza kamba za mizigo, Fundi akaja dirishani kwangu.

"Umeimba," akasema.

"Nimeimba vibaya."

"Vibaya, ndiyo. Jumanne tufanye mazoezi."

Mwimbaji hakurudi. Siku hizi anaimba juu ya muziki wa kompyuta, ana kazi nyingi, na tukikutana sokoni Nyasho tunasalimiana vizuri na kuulizana watoto. Sisi tumebaki watatu. Kuna kamati zilizotukwepa baada ya Butiama, na nyingine zilizotupigia simu kuuliza kama yule mama bado yupo, nasi tukawajibu kwamba yupo na ataonekana. Wengine walikata simu. Wengine walisema ndiyo maana wamepiga.

Nilijifungua salama. Mama mkwe alikuja kutoka Buhare akanikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji na supu ya sato, akalala sakafuni kando yangu mpaka nikapata nguvu. Hatukutaja gitaa hata mara moja. Niliporudi kazini nilikwenda na mtoto, na dada wa kazi akimshika upande wa mbali. Kwenye ukumbi mmoja wa Bunda mhudumu alinionyesha stoo ya viti kuwa ndiyo mahali pa kunyonyeshea. Nilimshukuru, nikanyonyesha palepale jukwaani, kitini kwangu, kanga begani, huku Fundi akiwashikilia watu kwa solo ndefu. Hakuna aliyekufa.

Kuna jambo moja bado halijaisha. Juzijuzi mwanamke mmoja wa Buhare alikuja saluni, akakaa, akaniuliza bei ya seti ya masufuria. Nikamwambia sina masufuria.

"Mama mkwe wako kasema unafanya kazi ya vyombo."

Nikaelewa. "Vyombo vya muziki, mama. Mimi napiga besi."

Alishika mdomo. Nikamwambia tena, polepole, ili aende nayo hivyohivyo nyumbani kwake: napiga gitaa la besi, kwenye bendi, mbele za watu. Jioni nikapanda bodaboda mpaka Buhare.

"Mama, waambie majirani ukweli."

"Mimi nimedanganya wapi? Si vyombo?"

"Waambie napiga gitaa."

Alikuwa anapukuchua mahindi, hakuinua macho. "Nitawaambiaje kitu sijakiona? Siku nikikusikia nikaona unajua, nitasema."

"Njoo basi."

"Siji."

Hajaja mpaka leo. Na kila tukipata kazi upande ule wa mji, namwambia Fundi azigeuze spika zitazame Buhare.